Mali bila daftari

Sisi tuliokulia kwenye migomba ya huku chini ya Mlima Meru tunakumbuka enzi za kodi ya kichwa. Mgambo wakionekana barabarani, watoto tulitumwa mbio kuwaarifu wakubwa, na wanaume wazima walitokomea ndani ya kahawa mpaka giza liingie. Kodi ya maendeleo, ambayo wengi wetu tuliendelea kuiita kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003. Lakini tabia ya kujificha haikufutwa pamoja nayo. Imebaki vichwani mwetu, na leo nataka kuonyesha jinsi inavyotutoa fedha mfukoni.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 alinijia jirani yangu mmoja, fundi cherehani wa Ngarenaro. Mama huyu hushona sare za shule na magauni, na Jumamosi hupeleka nguo sokoni Tengeru. Mkononi alikuwa na karatasi ya makadirio ya kodi: shilingi 100,000 kwa mwaka.

"Kaka, wameniua," akaniambia.

Nikamuuliza, "Mwaka jana uliuza kiasi gani?"

"Labda milioni tano hivi."

"Umeandika wapi?"

Akagusa paji la uso. "Yote yako humu."

Hapo ndipo ilipo shida, ndugu wasikilizaji. Kichwa hakisomwi na ofisa wa kodi, wala na hakimu.

Sheria yetu inamruhusu mfanyabiashara mdogo, ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100, alipe kodi ya mapato kwa kuangalia mauzo yake, bila kupiga hesabu ndefu za faida na hasara. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 iliweka viwango vya namna mbili: cha mwenye kumbukumbu na cha asiye nazo. Anayeuza chini ya milioni nne halipi kitu. Anayeuza kati ya milioni nne na saba, kama hana kumbukumbu, analipa 100,000 moja kwa moja. Kama anazo, analipa asilimia tatu tu ya kile kilichozidi milioni nne. Chukua na mfano wa anayeuza milioni nane. Bila kumbukumbu ni 250,000. Akiwa nazo ni 90,000, pamoja na asilimia tatu ya ile milioni moja iliyozidi saba, yaani jumla 120,000. Zaidi ya nusu imebaki mfukoni kwa sababu ya daftari.

Viwango hivi hubadilika bajeti hadi bajeti, kwa hiyo uliza vya mwaka wako. Lakini usikose kuona maana yake. Zamani aliyejificha ndiye aliyepona. Kwa sheria hii, asiyeonekana kwenye maandishi ndiye anayelipa zaidi. Na yule anayeuza chini ya milioni nne, ambaye hadaiwi hata senti, atasadikiwaje kama hana pa kuonyesha?

Jirani yangu alinunua daftari siku iliyofuata. Nilimchorea mistari: tarehe, kilichouzwa, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka. Nikamsihi aandike kila jioni kabla ya kulala, kwa sababu cha leo ukikiacha mpaka Jumapili umeshakisahau. Risiti za vitambaa na uzi azitie kwenye bahasha ya mwezi wake. Fedha ya cherehani isichanganywe na ya mboga. Na asitupe kitu, kwani Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Zinaweza kuandikwa kwa Kiswahili, kwa hiyo asitokee mtu kutuambia kwamba Kiingereza ndicho kinachotukwamisha.

Mwaka uliofuata alikwenda kukadiriwa na daftari kwapani. Jumla ya mauzo ilikuwa 5,240,000. Kodi yake ikawa 37,200. Aliokoa 62,800. Tena daftari lilimfichulia jambo lingine: wateja wa magauni walikuwa wakimdai siku na yeye akiwadai fedha, na wengine walikwishahama mtaa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yake ilikuwa ikipotea, naye habari hana.

Sasa niwakumbushe tarehe. Kwa mwenye kufuata mwaka wa kalenda, makadirio hufanywa kabla Machi haijaisha, na kodi hulipwa kwa mikupuo minne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Anayevuka milioni 100 anaingia daraja jingine, la hesabu kamili, na ritani yake ya mwaka hutakiwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha, yaani kufikia tarehe 30 Juni.

Kama hukubaliani na kodi uliyotozwa, usiishie kulalamika kwenye daladala ya Usa River. Una siku 30 za kuandika pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa TRA. Utatakiwa kwanza kulipa sehemu usiyoibishia au theluthi moja ya kodi uliyotozwa, ile iliyo kubwa zaidi. Usiporidhika, iko Bodi ya Rufani za Kodi. Lakini huko kote utaulizwa swali nililomwuliza jirani yangu: umeandika wapi?

Nawaomba pia wahusika wa kodi. Jedwali la viwango libandikwe Kilombero, Tengeru na Ngaramtoni, kwa herufi kubwa, mahali mama wa nyanya anapoweza kulisoma. Mtu hawezi kutii kile asichokijua, na vishoka hunenepa pale wananchi wanapokosa maelezo. Namba ya mlipa kodi, kwa mfano, hutolewa bure, na bado wapo wanaoinunua mlangoni.

Ndugu wasikilizaji, ndani ya kahawa hakuna tena pa kujificha. Jioni ya leo, kabla ya kuzima taa, andika ulichouza.

Tuonane wiki ijayo.