Mwalimu wa Hisabati Huandaliwa



Kila matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotangazwa, somo la hisabati huonekana mkiani. Kati ya mwaka 2015 na 2022, karibu watahiniwa wanne katika kila watano walishindwa somo hilo. Wapo wanaowalaumu wanafunzi kwamba ni wavivu, na wapo wanaowalaumu walimu kwamba hawana wito. Lawama hizo hazijamfundisha mtoto yeyote. Linalopaswa kuulizwa ni hili: mwalimu anayesimama mbele ya mtoto wa Mbagala au wa Bunju aliandaliwa vipi, kwa muda gani, na yeye mwenyewe alifundishwa hisabati kwa namna gani?

Uchukuliwe mfano mmoja. Mwanafunzi ameandika kwamba (a + b)² ni sawa na a² + b². Mwalimu aliyekariri kanuni atatia alama ya kosa, ataandika jibu ubaoni na kuendelea. Mwalimu anayeijua hisabati lakini hakufunzwa kufundisha atashangaa kwa nini jambo jepesi namna hiyo halieleweki. Mwalimu aliyepata yote mawili atamtaka mtoto aweke 3 na 4: saba mara saba ni 49, lakini 9 na 16 ni 25. Zile 24 zimekwenda wapi? Kisha atachora mraba wenye upande wa 7, ataugawa, na mtoto ataona kwa macho yake mistatili miwili, kila mmoja wenye eneo la 12, aliyokuwa ameisahau. Tofauti ya walimu hao watatu haikutokana na akili walizozaliwa nazo, bali imetokana na maandalizi yao.

Maandalizi hayo yamepatwa na misukosuko mingi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, vijana wengi waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huku wakifundisha, ili elimu ya msingi iwafikie wote. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004, shule za kata zilijengwa upesi kuliko walimu walivyoweza kuandaliwa. Vijana waliomaliza Kidato cha Sita wakapewa mafunzo ya mwezi mmoja na kupelekwa madarasani, na wananchi wakawabandika jina la "voda fasta". Si haki kuwacheka vijana hao, kwani walishika chaki mahali ambapo pasingekuwa na mtu. Hata hivyo, mwezi mmoja hautoshi kumwandaa mwalimu.

Hasara ya maandalizi hafifu haiishii darasa moja. Kwa miaka mingi, vyuo vya ualimu wa shule za msingi vilipokea vijana wenye daraja la nne. Kijana aliyeikimbia hisabati sekondari hurudi kuifundisha shule ya msingi, na hofu yake huirithi mtoto atakayeingia Kidato cha Kwanza. Mwalimu wa sekondari hupokea deni asilolikopa.

Ndugu Walimu, mzunguko huo unaweza kukatwa. Wilaya ya Temeke inacho Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu cha Chang'ombe, kilichozaliwa mwaka 2005 kutokana na chuo cha ualimu cha hapo. Ni aibu mwalimu wa Chamazi akose msaada ilhali wataalamu wako karibu kiasi hicho. Walimu wa shule za kata zilizo jirani wakutane kila mwezi, kila mmoja akiwa na madaftari yenye makosa ya wanafunzi wake, na wayachambue pamoja na wakufunzi. Maafisa Elimu waihesabu siku hiyo kuwa ni kazi, wala wasiitazame kama utoro. Wakuu wa shule nao waache desturi ya kumweka mwalimu hodari Kidato cha Nne peke yake, kwa maana jengo huanza kupasuka kwenye msingi.

Mtoto wa Tandale hakuchagua mwalimu wake. Taifa ndilo lililomchagulia, na ni wajibu wa Taifa kuhakikisha kwamba mwalimu huyo haachi kujifunza.