Usagara na Umri wa Ulimwengu

Leo tunaanzia mwaka 1964, mwaka ambao Mikumi ilifanywa Hifadhi ya Taifa. Mwaka huohuo huko Holmdel, Marekani, watafiti wawili, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa wakihangaika na antena yao ya redio. Kila walikoielekeza walipata mkwaruzo uleule, usiku na mchana. Wakashuku kinyesi cha njiwa waliokuwa wamejenga kiota ndani yake. Wakawaondoa njiwa, wakasafisha, lakini mkwaruzo haukukoma.

Kumbe yalikuwa mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu. Miaka bilioni 13.8 iliyopita kila kitu kilikuwa kimesongamana katika joto lisilosemeka, kisha kikaanza kutanuka na kupoa. Mwaka 1978 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Mtauliza: kabla ya hapo? Hesabu za Einstein hutufikisha mlangoni pa swali hilo, zikakomea hapo. Dini zina jibu lake, nami sioni haja ya kuzigombanisha na sayansi.

Sasa turudi nyumbani, Kilosa. Historia ya Kilosa mara nyingi husimuliwa kuanzia mwaka 1884, Mjerumani Carl Peters alipofika Msovero na mikataba yake ya hila. Mimi naona huko ni kuchelewa mno kuanza. Tazameni milima ya magharibi, inayoelekea Mpwapwa. Wanajiolojia wa dunia nzima wameupa mkanda wa miamba yake, unaofika hadi Iringa, jina la Usagara, nchi ya Wasagara. Mwaka 1995 ilitangazwa kwamba baadhi ya mawe ya mkanda huo yana asili ya sakafu ya bahari, na kwamba yalizamishwa kilindini na kubanwa vikali miaka bilioni 2 iliyopita. Ni miongoni mwa ushahidi wa kale zaidi kwamba mabamba ya ganda la dunia yalikuwa yakisogea na kuzama moja chini ya jingine tangu zama hizo. Hapakuwa na mnyama wala jani nchi kavu. Tembo wa mbuga ya Mkata, huko Mikumi, ni wageni wa jana!

Na tunacho cha kale zaidi. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, ambako leo ni Mkoa wa Songwe. Kina gramu 705 tu, lakini ukiacha gesi, uwiano wa elementi zake unakaribiana sana na wa Jua lenyewe, kwa kuwa kilifanyika pamoja na Jua na sayari zake, zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita. Kipande chake kikubwa kimehifadhiwa London.

Mwisho je? Jua limebakiza kama miaka bilioni 5 ya kuwaka, kisha litavimba liwe jitu jekundu. Bahari zitakuwa zimekauka zamani. Mwaka 1998 iligunduliwa kwamba kasi ya kutanuka kwa ulimwengu inazidi kuongezeka. Ukiendelea hivyo, nyota zitazimika moja moja mpaka libaki giza na baridi.

Walimu wa Kilosa na Mikumi, nawaomba: wapelekeni wanafunzi milimani, waguse miamba hiyo, na muwaambie kwamba jina Usagara limo katika vitabu vya jiolojia duniani kote.