Aliyetoa Taarifa Asiachwe Peke Yake

Leo nazungumzia taarifa za magonjwa ya kuambukiza, na hasa kinachotokea baada ya taarifa kutolewa.

Tarehe 24 Januari 2014, mkuu wa kituo cha afya cha Meliandou, kijiji cha kusini mwa Guinea, aliwaarifu wakubwa wake wa wilaya kwamba watu watano walikuwa wameharisha vibaya na kufariki haraka. Mtu yule alitimiza wajibu wake. Kesho yake timu ilifika kijijini, siku mbili baadaye ikaja nyingine kubwa zaidi, na uchunguzi ukaelekea kwenye kipindupindu, ugonjwa waliouzoea. Tarehe mosi Februari maradhi yale yalikwishafika Conakry, mji mkuu. Maabara ilithibitisha kuwa ni Ebola mwezi Machi. Hadi mlipuko unakwisha, watu zaidi ya 28,600 walikuwa wameugua, wengi wao Guinea, Liberia na Sierra Leone, na zaidi ya 11,300 wamefariki.

Sasa tazama Lagos, Nigeria, Julai mwaka huohuo. Msafiri kutoka Liberia alianguka uwanja wa ndege akapelekwa hospitali binafsi. Mwanzoni alitibiwa malaria. Daktari Ameyo Stella Adadevoh hakuridhika. Aliagiza kipimo cha Ebola, akaziarifu mamlaka kabla majibu hayajarudi, na aliposhinikizwa amruhusu mgonjwa aondoke, alikataa. Serikali ikaitikia. Watu 894 waliokaribiana na wagonjwa waliorodheshwa na kufuatiliwa nyumba kwa nyumba, kwa ziara zipatazo 18,500. Katika nchi ile yenye watu wengi kuliko zote Afrika, waliougua walikuwa 20 na waliofariki 8. Daktari Adadevoh mwenyewe alikuwa miongoni mwao.

Meliandou walitoa taarifa, na Lagos walitoa taarifa. Lagos shaka ilifuatwa mpaka ikapata jibu. Meliandou shaka ilipewa jina la ugonjwa uliozoeleka, ikapumzishwa.

Hapa kwetu Tanzania tumeyaona. Machi 2023 vifo vya ajabu viliripotiwa Bukoba Vijijini, sampuli zikapimwa, na tarehe 21 Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni ugonjwa wa virusi vya Marburg. Wagonjwa 9, vifo 6, mmoja wao mhudumu wa afya. Tarehe 2 Juni mlipuko ulitangazwa kwisha bila kuvuka wilaya ile. Tuliumia, lakini tungeweza kuumia zaidi.

Mfikirie muuguzi wa zahanati anayefungua kitabu cha kumbukumbu za wagonjwa cha MTUHA jioni akakuta wagonjwa watatu wa kitongoji kimoja, homa kali, kutapika, na mmoja anatoka damu kwenye fizi. Mwongozo wa kuripoti magonjwa unamtaka atoe taarifa ndani ya saa 24, hata akiwa na shaka tu, kwa sababu uhakika ni kazi ya maabara. Anapiga simu wilayani. Swali la kwanza analoulizwa ni, "Una uhakika?" Anasita. Anaambiwa asizue taharuki. Mara nyingine akiona dalili zilezile atanyamaza, na hapo tutakuwa tumempoteza mlinzi wetu kwa maneno mawili.

Jibu analostahili ni hili: "Ahsante. Mtenge mgonjwa, vaa vifaa kinga, timu inakuja kuchukua sampuli." Na majibu yakitoka, apigiwe simu aambiwe, hata kama ni malaria. Taarifa iliyothibitika kuwa si mlipuko haijapoteza muda wa mtu. Imeonyesha kwamba mfumo uko macho.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tumezoea kumwambia mgonjwa msemo huo. Tuiambie na ofisi inayochelewesha taarifa kwa kuhofia biashara, wageni au jina la wilaya. Chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, nchi ikishatathmini kuwa tukio linaweza kuwa dharura ya kimataifa, ina saa 24 kuliarifu Shirika la Afya Duniani. Saa hizo hazina maana ikiwa taarifa ya kijijini imelala mezani kwa wiki nzima.

Kwa hiyo, waganga wakuu wa wilaya, pokeeni simu na mrudishe majibu. Viongozi wa vijiji, msimruhusu mtu atengwe wala kusemwa kwa kuwa nyumba yake ndiyo iliyoripotiwa. Nawe msikilizaji, ukiona vifo vinavyofuatana katika familia moja, au kuhara na kutapika kumezagaa mtaani, mwone mhudumu wa afya ngazi ya jamii au piga 199, namba ya Wizara ya Afya isiyo na malipo. Piga leo, ukiwa na shaka tu. Inatosha.