Darasa si tanuru: majengo ya pesa ya wanainchi yafuate jua letu

(Maneno yaliyosemwa Kasongo, mbele ya vijana wa Kasongo na Kabambare)



Tukisema umeme, kila mtu anawaza taa na simu. Ni haki yake. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 48, inahakikisha nyumba ya kufaa, mayi safi na umeme, vyote katika kifungu kimoja. Inga ilianza kutoa nguvu mwaka 1972, na waya zake zinapita mbali na sisi mpaka leo. Tumelia juu ya ile, na hatutanyamaza. Lakini leo tunataka kusema juu ya kitu ambacho hakingoji waya: joto. Liko jingi pahali hatulitaki, ndani ya madarasa. Halipo pahali tunalihitaji, ndani ya ndoo ya mama aliyezaa usiku.

Tuanze na darasa. Munajua programu ya serikali ya maendeleo ya territoire 145, ile ya kujenga masomo, vituo vya afya na majengo ya utawala. Kasongo na Kabambare ziko ndani ya ile hesabu. Sisi hatupingi jengo jipya. Mtoto aliyesoma chini ya nyasi zinazovuja anafurahi akiona manjanja, na yuko na sababu. Swali letu ni moja: nani aliuliza jua la hapa kabla ya kuchora?

Kasongo iko karibu digrii 4 na nusu kusini ya ikweta. Maana yake, saa sita mchana jua linakuwa karibu juu ya kichwa mwaka mzima. Mwezi wa sita linaelekea kidogo upande wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili kidogo upande wa kusini, basi. Asubuhi na magaribi linapiga usawa wa macho, toka mashariki na toka magaribi. Kwa hiyo nyumba inayofaa hapa inalala kwa urefu toka mashariki kwenda magaribi: inaonyesha jua zile kuta zake mbili fupi, madirisha yanakaa kwenye kuta ndefu, na paa linatoka nje ya kutosha kuzitia kivuli. Hiyo haiombi hata franga moja zaidi. Ni kugeuza mchoro mbele ya kuchimba msingi. Lakini jengo la kwetu linageuzwa liangalie barabara, juu ya picha ya siku ya kukata utepe.

Kisha manjanja. Manjanja likipigwa na jua linapata moto mpaka mkono hauwezi kuligusa, na lile joto halibaki juu. Linashuka kwenye vichwa vya watoto sawa vile joto la makala linavyokufikia usoni bila wewe kugusa jiko. Likiwa na kutu ni mabaya zaidi, juu kutu inameza jua, na rangi nyeupe ya chokaa inalirudisha. Dawa yake inajulikana: dari, ile tunaita plafoni. Hata ya mianzi, hata ya mikeka iliyofungwa vizuri. Kati ya dari na manjanja panabaki hewa, na kwenye pembe za juu za ukuta unaacha matundu ili hewa moto itoke. Na mvua ikinyesha mwalimu anaendelea kusikilika! Leo, mvua ikipiga manjanja yasiyo na dari, somo limekwisha. Jua likipiga, watoto wanahamia chini ya mwembe. Kati ya mvua na jua, tuhesabu wenyewe ni saa ngapi za masomo zinabaki.

Wazee wetu walijua haya bila fizikia. Neno baraza lilifika hapa na watu wa pwani, wakati wa Tippu Tip, na Wabelgiji walilichukua; mpaka leo Mkongomani akisema Kifaransa chake anaita kivuli cha mbele ya nyumba "barza". Ukuta mnene wa matafari mabichi unapokea joto polepole mchana kutwa, wakati ndani bado mnapumua. Hatusemi turudi kwenye nyasi. Nyasi zinaungua, zinaoza, na nyoka wanazipenda. Tunasema manjanja tuliyapokea nusu: tulichukua bati, tukaacha dari na kivuli.

Tazama sasa ofisi ya mkubwa. Manjanja yale yale, dari hafifu, kisha klimatizeri inayovutwa na jenereta, na mafuta ya kutoka mbali juu ya njia mbovu. Ile mashine inapigana kutwa na paa lililo juu yake. Mkubwa anapata baridi. Mwanainchi anayengoja nje anapata kelele, moshi, na joto lililofukuzwa ndani.

Upande wa pili ni joto tunalotaka. Wengine kati yenu muliona kwenye simu vile vioo vya Ouarzazate, kule Maroko. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa 2016: vioo vinakusanya jua, joto linafanya mvuke, mvuke unazungusha mashine ya umeme. Na Afrika ilianza zamani. Mwaka 1913, kule Maadi karibu na Cairo, Mmarekani Frank Shuman alitumia vioo na mvuke kupandisha mayi ya Nile kwenye mashamba. Ni kazi nzuri. Lakini siku mtu wa kampeni atakuja kutuahidia Ouarzazate ya Maniema, mumuulize juu ya mawingu. Vile vioo vinataka jua linalopiga moja kwa moja, anga la jangwa. Anga letu liko na unyevu na mawingu sehemu kubwa ya mwaka, na mwanga uliotawanyika kioo hakiwezi kuukusanya.

Sanduku jeusi linaweza. Bati lililopakwa rangi nyeusi, bomba za mayi juu yake, kioo cha kufunika, na pipa lililokaa juu zaidi, lililofungwa vizuri lisipoteze joto. Mayi yakipata moto yanapanda yenyewe mpaka kwenye pipa, ya baridi yanashuka. Hakuna pampu, hakuna batri ya kuiba. Tupige hesabu. Jua la siku ya kawaida linaleta kama kilowati-saa 4 mpaka 5 juu ya meta mraba moja. Sanduku likishika karibu nusu yake, meta mraba 2 zinapandisha litre 80 hivi toka digrii 25 mpaka 65. Siku ya mvua utapata kidogo, ni kweli, na makala yatarudi siku ile. Lakini si kila siku.

Litre 80 kwenye maternité ni kuoga kwa mama, kufua mashuka, kunawa mikono ya muzalishaji. Na Kabambare, upande unaopanda kuelekea milima ya Fizi, asubuhi ya kiangazi hakuna anayetaka kumuosha mtoto mchanga na mayi ya baridi. Musiseme kwamba sanduku litafanya yote: vyombo vya kupasulia vinataka mvuke wa digrii 121, hiyo ni kazi nyingine. Na zile pano za umeme tuziachie taa, na friji ya chanjo inayopaswa kukaa kati ya digrii 2 na 8. Pano inageuza kama sehemu moja ya tano ya jua kuwa umeme. Kutumia umeme huo kuchemsha mayi ni kupoteza.

Kati yetu kuna waliosoma ujenzi, kuna waliosoma fizikia, diplome ziko chini ya godoro. Kuna mafundi wa kuchomelea vyuma kwenye soko. Kazi hii iko kwenye mikono yetu, haingoji mtaalamu wa kushuka na ndege.

Tunachoomba kiko kwenye barua muliyosomewa mwanzoni. Michoro na gharama za kila jengo la serikali zibandikwe pahali pa kazi, wanainchi wasome. Hakuna jengo kupokelewa bila dari, bila matundu ya hewa na kivuli cha kuta. Na kila maternité inayojengwa ipate sanduku la mayi moto ndani ya mkataba, si baadaye kama zawadi ya mtu.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinatupa haki ya kupeleka petisheni, na mwenye mamlaka anapaswa kujibu katika miezi mitatu. Karatasi za sahihi ziko kwenye ile meza. Andika jina unaloitwa kwenye karte, andika vizuri lisomeke. Barua moja itaenda kwa administrateur wa Kasongo, moja kwa wa Kabambare, nakala kwa gavana Kindu. Wanaopeleka wasirudi bila nakala yenye muhuri na tarehe, juu miezi mitatu inahesabiwa toka siku ile.