Paka wa Jirani, Matuta ya Mchicha na Sumu ya Usiku

Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri ya Wilaya mbele ya wenyeviti wa vitongoji, watendaji wa vijiji na vikundi vya bustani



Nimepewa nafasi hii nizungumze juu ya paka. Nimewasikia wachache wakicheka, na sina kinyongo nao. Katika mkoa wenye shida ya maji na barabara zinazokatwa na makorongo kila msimu wa mvua, mtu ana haki ya kushangaa kuona paka amepewa nafasi katika ratiba ya kikao. Hata hivyo, wenyeviti walioko hapa wanajua ni mara ngapi hodi hupigwa alfajiri na majirani wawili wasiosemezana tena kwa sababu ya matuta mawili ya mchicha. Wanajua pia kinachofuata. Paka hukutwa amekauka chini ya uzio wa minyaa, na baada ya siku moja au mbili kuku wa nyumba ya tatu, isiyohusika kabisa na ugomvi ule, nao huanza kuanguka mmoja mmoja. Hapo kicheko hukoma.

Niruhusuni nianze na mwenye bustani, kwa kuwa yeye ndiye mwenye hasara inayoonekana. Huku kwetu nyanda za kati tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Baada ya hapo ardhi hukauka ikawa kama tofali. Mama anayelima chainizi, figiri au mchicha mwezi wa Agosti hununua maji kwa dumu, huyabeba kichwani, na hulainisha udongo kwa mikono yake. Sasa mtazameni paka. Maumbile yake humtuma kufukia kinyesi chake, na ili afukie anahitaji udongo mlaini. Akizunguka kitongoji kizima mwezi wa Agosti, ataupata wapi? Kwenye tuta la yule mama. Paka hakutumwa na jirani wala hana chuki na mboga. Amefuata udongo pekee uliolegea katika eneo zima. Jambo hili nimeona lisemwe wazi, maana ugomvi mwingi huanza pale mtu anapoamini kwamba mnyama ametumwa.

Hasara yenyewe si ya kubezwa. Miche hung'olewa, mbegu hufukuliwa, na kinyesi huachwa katika mboga zitakazoliwa. Katika kinyesi cha paka huweza kuwamo kimelea kiitwacho toksoplasma. Kwa watu wengi wenye afya njema kimelea hiki hupita bila dalili kubwa, lakini mama mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukipitisha kwa mtoto aliye tumboni, na madhara yake huweza kuwa mazito, yakiwamo ya macho na ubongo. Kwa hiyo mjamzito asichimbe tuta kwa mikono mitupu. Avae glavu, na zikikosekana ajifunge mifuko ya plastiki mikononi. Kila mtu anawe kwa sabuni baada ya kazi, na mboga zioshwe vizuri kwa maji safi, hasa zile zinazoliwa mbichi. Naongeza kwamba kimelea hichohicho hupatikana pia katika nyama isiyoiva vizuri. Basi mtu asimfukuze paka nyumbani kwa ajili ya mke wake mjamzito, kisha jioni amletee mishikaki iliyo nyekundu ndani.

Ziko njia za kumzuia paka zisizohitaji fedha. Ukishasia mbegu, laza juu ya tuta matawi makavu ya migunga yenye miiba, uyaache mpaka miche isimame vizuri. Paka ana nyayo laini, hapendi kukanyaga miiba. Miche ikishastawi, matandazo ya mabua ya mtama yaliyokatwa vipande vikubwa hufanya kazi hiyo, na faida yake ya pili ni kuhifadhi unyevu wa maji mliyoyanunua kwa dumu. Wenye bustani za magunia wana nafuu zaidi, ingawa udongo wa juu nao unahitaji kufunikwa. Lakini kinga iliyo bora, kwa maoni yangu, iko nyumbani kwa mwenye paka. Beseni kuukuu lenye mchanga wa korongoni, likiwekwa pembeni mwa ua na kusafishwa kila siku, humpa paka pahali pake, akapunguza safari za kwa jirani. Kusafisha kila siku nako kuna maana yake: kile kimelea nilichokitaja huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza.

Pengine mtu atauliza: kwa nini tusiwaondoe paka kabisa, tukapumzika? Jibu liko ghalani. Tunalima mtama, uwele, mahindi, karanga na alizeti, na chakula cha mwaka mzima hukaa ndani ya nyumba zetu au hatua chache kutoka mlangoni. Panya shamba, ambaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro wamemchunguza kwa miaka mingi, hubeba mimba kwa wiki tatu na siku chache tu, na uzao mmoja huweza kupita watoto 10. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Wazee walisema paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi, nao walisema hivyo wakiwa wanalala karibu na vihenge vyao. Watafiti waliochunguza kaya za vijijini nchini Eswatini walichapisha mwaka 2017 kwamba pale palipokuwa na paka na mbwa pamoja, panya walipunguza kuzurura na kula karibu na nyumba.

Urafiki huu ni wa kale mno. Katika kisiwa cha Saiprasi wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta paka amezikwa kando ya mtu katika kaburi la miaka 9,500 hivi iliyopita, zama ambazo watu walikuwa wameanza kulima na kuhifadhi nafaka. Panya walifuata nafaka, na paka wakafuata panya. Paka pori anayeonekana mara mojamoja katika vichaka vyetu ni wa ukoo huohuo, na wafugaji wa kuku wa pembezoni wanamfahamu.

Sitaki kumsafisha paka kupita kiasi. Hula vifaranga. Huwinda ndege wadogo na mijusi ambao nao hutusaidia kula wadudu, na kwa bahati mbaya hana msaada wowote mbele ya kwelea kwelea, wakulima wa mtama wanajua. Vifaranga wafungiwe katika banda lenye wavu kwa wiki zao za mwanzo. Banda hilohilo litawakinga na mwewe na kicheche, ambao hakuna mwenyekiti anayeweza kuwaita katika kikao cha usuluhishi.

Sasa nifike kwenye sumu. Njia iliyozoeleka ni kuchukua dawa ya wadudu ya shambani au sumu ya panya, kuichanganya na dagaa au utumbo wa kuku, na kuitega usiku. Aliyeitega hukusudia paka mmoja. Sumu haina macho. Mbwa hula, kuku hudonoa, na mtoto wa miaka 2 anayetambaa uani huokota kitu chenye harufu ya dagaa na kukipeleka mdomoni. Sumu nyingi za panya hazimuui papo hapo. Panya huyumbayumba kwa siku kadhaa, akawa windo rahisi, na paka au bundi anayemla huweza kudhurika naye. Tai akishuka kwenye mzoga uliotegwa dawa ya wadudu hufa palepale, na tai ndiye anayetusafishia mizoga bure. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na kumuua kwa makusudi mnyama wa mtu mwingine ni kosa la jinai. Mwenye kinyongo na paka aende kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla ya kwenda duka la pembejeo.

Kuna jingine linalozungumzwa kwa sauti ya chini, nami nalitaja kwa heshima. Paka wanaolia usiku juu ya bati kama watoto wachanga wamewahi kupigwa mawe, na mwenye paka, mara nyingi bibi kizee anayeishi peke yake, akanyooshewa kidole. Sauti ile ni ya paka jike anayetaka dume, au ya mapaka shume wanaopigana kwa ajili yake. Paka jike huweza kushika mimba kabla ya kutimiza mwaka, na hubeba mimba kwa miezi miwili hivi. Akihasiwa na daktari wa mifugo kelele hizo huisha, na dume aliyehasiwa hupunguza kuzurura, kupigana na kunyunyiza mkojo kwenye kuta za watu. Bibi kizee hana la kujibu hapo, na watendaji wa vijiji nawaomba msilipuuze jambo hili linapoanza kunong'onwa.

La mwisho kwa mwenye paka ni chanjo. Kichaa cha mbwa kimeitwa hivyo kwa sababu mbwa ndiye anayekieneza zaidi, lakini paka huumwa nacho na huambukiza kwa kung'ata au kukwaruza. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 59,000 hivi hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, akamilishe sindano zote atakazopangiwa. Asifunge jeraha kwa majani, wala asingoje kuona itakuwaje. Paka aliyeng'ata asiuawe kwa hasira kama anaweza kufungiwa salama. Afisa mifugo wa kata apewe taarifa ili mnyama aangaliwe kwa siku 10.

Paka huchanjwa kuanzia umri wa miezi 3, na chanjo hurudiwa kwa ratiba atakayoitoa afisa mifugo. Wengi hupeleka mbwa na kumwacha paka nyumbani, wakidhani zoezi halimhusu. Linamhusu. Siku ya chanjo itakapotangazwa na ofisi ya kijiji, tafadhali msimlete paka akiwa amebebwa mikononi au amefungwa kamba shingoni, kwa kuwa akiwasikia mbwa 20 wakibweka chini ya mwembe atawakwaruza na kupanda juu ya mti, na mtaalamu hapandi mti. Mwekeni katika tenga la kuku, mfuniko ufungwe kwa kamba, juu pafunikwe kwa kipande cha kanga ili asione nje, na afike asubuhi na mapema kabla foleni ya mbwa haijawa ndefu.