Fidia Bila Kukiri Deni: Madai ya Kampuni za Kigeni na Njia ya Kidiplomasia, kwa Mfano wa Peru na Marekani, 1968–1976

Utangulizi

Tarehe 9 Oktoba 1968, siku sita tu baada ya kumpindua Rais Fernando Belaúnde, wanajeshi wa Peru waliingia katika mji wa Talara, kaskazini-magharibi mwa nchi, wakakitwaa kiwanda cha kusafisha mafuta cha International Petroleum Company, maarufu kama IPC. Kampuni hiyo ilikuwa tanzu ya Standard Oil ya New Jersey. Serikali mpya ya Jenerali Juan Velasco Alvarado iliitangaza siku hiyo kuwa Siku ya Heshima ya Taifa, na watu wakashangilia barabarani.

Shangwe zilipotulia likabaki swali ambalo serikali nyingi hulikuta mezani baada ya kutaifisha: nani amlipe nani, kiasi gani, na kwa jina gani? Ilichukua zaidi ya miaka mitano kulijibu. Jibu lenyewe halikutoka mahakamani wala kwenye baraza la usuluhishi, lilitoka katika mazungumzo ya serikali mbili. Miaka miwili baadaye nchi hizohizo zilitumia njia hiyohiyo kumaliza mgogoro wa mgodi wa chuma wa Marcona.

Mada hii ya semina inapitia mashauri hayo mawili na kuyalinganisha na yaliyotokea Tanzania tangu 2017. Hoja yake ni kwamba mapatano ya kidiplomasia hufaulu pale kila upande unaporuhusiwa kubaki na msimamo wake wa kisheria huku fedha zikipita, na kwamba serikali inayoketi mezani bila kujua thamani ya ilichokitwaa huishia kulipia ujinga wake.

Dai la kampuni linapogeuka dai la nchi

Msingi wa njia hii ni wa zamani. Mwaka 1924 Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa, katika shauri la Mavrommatis kati ya Ugiriki na Uingereza, ilieleza kwamba nchi inapolibeba dai la raia wake huwa inatetea haki yake yenyewe: haki ya kuona raia wake wakitendewa kwa mujibu wa sheria ya kimataifa. Tangu hapo dai si la mfanyabiashara tena. Nchi yake inaweza kulisukuma, kulipunguza, kulibadilisha na jambo jingine au kuliacha kabisa.

Amerika ya Kusini ilikuwa na sababu ya kuiogopa kanuni hiyo. Mwishoni mwa 1902 manowari za Uingereza, Ujerumani na Italia ziliziba bandari za Venezuela kwa ajili ya madeni na madai ya raia wao. Mwanasheria wa Argentina, Carlos Calvo, alikuwa ameshafundisha kwamba mgeni hastahili ulinzi mkubwa kuliko mwenyeji, na akiwa na malalamiko aende katika mahakama za nchi aliyowekeza. Fundisho hilo liliingia katika katiba na mikataba ya nchi nyingi za bara hilo, Peru ikiwemo. Kwa majenerali wa Lima, basi, kukubali kwamba Washington ina haki ya kuisemea kampuni ya mafuta kulikuwa jambo zito kuliko fedha zenyewe.

Talara: kila upande na deni lake

Mgogoro wa IPC ulikuwa na mizizi mirefu. Visima vya La Brea na Pariñas vilishikiliwa kwa hati zilizoanzia miaka ya 1820, na Peru ilidai kwamba hati hizo hazikumpa mtu yeyote umiliki wa mafuta yaliyo chini ya ardhi. Uamuzi uliotolewa Paris mwaka 1922 uliipa kampuni nafuu kubwa ya kodi, na Bunge la Peru likaufuta mwaka 1963. Agosti 1968 Belaúnde alitia saini makubaliano mapya na kampuni. Kisha ikazuka kashfa ya ukurasa wa kumi na moja wa mkataba wa bei ya mafuta ghafi, ambao ulidaiwa kupotea. Kashfa hiyo ndiyo iliyowafungulia wanajeshi mlango.

Serikali ya Velasco haikukataa kulipa fidia ya kiwanda. Iliweka sharti: IPC kwanza ilipe takriban dola milioni 690, zilizokokotolewa kuwa thamani ya mafuta iliyoyachimba bila haki kwa miaka yote hiyo. Kampuni iliyokuwa ikidai ikajikuta inadaiwa, tena kiasi kikubwa mara nyingi kuliko mali iliyotwaliwa.

Marekani nayo ilikuwa imejifunga mikono. Sheria ya 1962, iliyoitwa kwa jina la Seneta Bourke Hickenlooper, ilimtaka rais asimamishe misaada kwa nchi yoyote inayotaifisha mali ya Wamarekani bila kuchukua hatua za kulipa ndani ya miezi sita. Ilikuwa imetumika kwa Ceylon mwaka 1963 kwa sababu ya kampuni za mafuta, na mwafaka ukapatikana mwaka 1965 tu, baada ya serikali ya huko kubadilika. Kwa Peru, Rais Richard Nixon hakutaka kufika huko. Machi 1969 alimtuma Lima mwanasheria wa New York, John Irwin, na ilipofika siku ya mwisho mwezi Aprili, mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea yakahesabiwa kuwa ndiyo “hatua” iliyotakiwa na sheria. Adhabu haikutangazwa, ila mikopo mipya kutoka Washington na katika benki za kimataifa ilikauka kimyakimya.

Kulikuwa pia na tatizo la kisheria. IPC ilikuwa imesajiliwa Kanada. Mwaka 1970, katika shauri la Barcelona Traction, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba kwa kawaida nchi yenye haki ya kuisemea kampuni ni ile iliyoisajili, na si nchi ya wanahisa wake. Ubelgiji, iliyokuwa ikiwasemea wanahisa wa kampuni ya Kanada nchini Uhispania, ikashindwa. Kwa kipimo hicho, Marekani ingekwenda The Hague ikiwa na miguu dhaifu. Mezani hoja hiyo haikuwa na uzito uleule, kwa sababu wanadiplomasia hawahitaji hukumu ya nani ana haki ya kusema ili waanze kuzungumza.

Mwafaka wa 1974: orodha yenye jina lililokosekana

Kufikia 1973 orodha ya mali zilizotwaliwa ilikuwa imerefuka. Mashamba ya miwa ya W. R. Grace yalichukuliwa katika mageuzi ya ardhi, viwanda vya unga wa samaki vikataifishwa Mei 1973, na migodi ya Cerro de Pasco ilikuwa njiani. Peru ilihitaji mikopo ya miradi mikubwa ya shaba na mafuta, na mabenki hayakopeshi kwa moyo mkunjufu nchi yenye kesi na kila mtu. Agosti 1973 Nixon alimteua James Greene, mtu wa benki ya Manufacturers Hanover, azungumze na serikali ya Peru, ambayo waziri mkuu wake alikuwa Jenerali Edgardo Mercado Jarrín.

Mkataba ulitiwa saini tarehe 19 Februari 1974. Peru iliikabidhi serikali ya Marekani dola milioni 76 kwa mkupuo, na dola milioni 74 nyingine zikaenda moja kwa moja kwa kampuni, jumla dola milioni 150. Madai yote ya Wamarekani yaliyotokana na utaifishaji wa kipindi hicho yakahesabiwa kuwa yamekwisha. Peru iliambatanisha orodha ya kampuni zilizohusika. Jina la IPC halikuwemo.

Ufundi wa mkataba ulikuwa hapo. Kifungu kimoja kiliiachia serikali ya Marekani uamuzi wa namna ya kugawa zile milioni 76. Velasco aliweza kuwaambia wananchi, bila kusema uongo, kwamba IPC haikulipwa na Peru. Desemba 1974 Washington iligawa fedha, na karibu dola milioni 22 zikaifikia kampuni mama ya IPC, ambayo wakati huo ilikuwa ikiitwa Exxon. Lima ikalalamika. Mkataba haukuvunjika.

Marcona: meli zilipokuwa na nguvu kuliko hoja

Shauri la pili lilikuwa gumu kwa namna nyingine. Marcona Mining ilichimba chuma kusini mwa Peru, karibu na Nazca, tangu miaka ya 1950, na wenye hisa wakubwa walikuwa Utah International na Cyprus Mines. Tarehe 25 Julai 1975 serikali ilikitaifisha kitengo chake cha Peru na kuunda shirika la umma la Hierro Perú.

Serikali ilipata mgodi, mitambo na bandari. Haikupata meli. Chuma cha Marcona kilisafirishwa na kampuni ndugu yenye meli kubwa, nyingine zikiwa na mfumo wa kupakia madini yakiwa tope. Mtandao wa kuuza nao ulikuwa mikononi mwa kampuni, na wateja wakuu, viwanda vya chuma vya Japani, walichelea kununua shehena yenye mgogoro. Madini yakarundikana bandarini huku mishahara ikiendelea kulipwa.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 29 Agosti, Jenerali Francisco Morales Bermúdez alimwondoa Velasco madarakani. Alirithi hazina iliyokonda: bei ya shaba ilikuwa imeshuka, uvuvi wa dagaa wa anchoveta haujapona tangu El Niño ya 1972, na deni la nje lilikuwa likipanda. Wajumbe wa Marekani waliokwenda Lima walikuta serikali inayotaka kumaliza, ila isiyoweza kuonekana imesalimu amri.

Mazungumzo yalikwenda kwa hatua mbili. Kwanza pande zote zilikubaliana utaratibu wa muda wa kusafirisha na kuuza ili mgodi usife wakati watu wanabishana. Ndipo zikarudi kwenye fidia, ambako kila upande ulikuwa na hesabu yake, na hesabu hizo zilikuwa mbali sana.

Makubaliano ya tarehe 22 Septemba 1976 hayakujaribu kuamua hesabu ya nani ilikuwa sahihi. Yaliunganisha vyanzo tofauti vya fedha hadi jumla ikakubalika: dola milioni 37 taslimu, dola milioni 22.44 zilizotokana na mauzo ya chuma kwa bei ya nafuu kwa kampuni katika miaka iliyofuata, na takriban dola milioni 2 zilizotokana na usafirishaji wa kipindi cha mpito. Jumla ilikuwa dola milioni 61.44. Kampuni iliona fidia, Peru iliona mkataba wa biashara ulioipatia Hierro Perú mnunuzi wa uhakika. Wote walikuwa wanasoma karatasi ileile.

Gharama za njia hii

Njia hii ina ubaya wake, na semina hii haitakuwa imetenda haki ikiuficha. Mwenye dai hupoteza usukani. Kampuni ndogo iliyo katika mkupuo mmoja na kampuni kubwa haina hakika ya kupata haki yake, kwa sababu mgawanyo huamuliwa na ofisi ya serikali. Nchi dhaifu nayo huketi mezani huku ikijua kwamba nyuma ya mjumbe mpole kuna mikopo inayoweza kufungwa. Halafu kuna usiri: bunge na wananchi huambiwa jumla, na mara nyingi hawaambiwi imepatikanaje.

Mkataba wa Washington wa 1965, ulioanzisha kituo cha usuluhishi cha ICSID, ulikusudia kupunguza mashinikizo hayo. Kifungu chake cha 27 kinaizuia nchi kumsemea raia wake kidiplomasia katika mgogoro ambao pande zote zimekubali kuupeleka ICSID, isipokuwa uamuzi usipotekelezwa. Kwa sehemu ulifaulu. Hata hivyo usuluhishi wenyewe una bei, na mashauri mengi huishia kwenye maelewano.

Yaliyotokea Tanzania

Machi 2017 Tanzania ilizuia usafirishaji wa makinikia, na mwezi Julai Mamlaka ya Mapato ikaipelekea Acacia Mining madai ya takriban dola bilioni 190. Acacia ikafungua mashauri ya usuluhishi. Serikali ilikataa kuzungumza nayo, ikazungumza na Barrick Gold ya Kanada, mwanahisa wake mkubwa, na timu ya Tanzania ikaongozwa na Profesa Palamagamba Kabudi. Barrick iliwanunua wanahisa wengine wa Acacia mwaka 2019, na Januari 2020 mikataba ikasainiwa: dola milioni 300, hisa asilimia 16 za serikali katika migodi, kugawana manufaa ya kiuchumi nusu kwa nusu, na kampuni ya pamoja ya Twiga Minerals. Mashauri yakaondolewa.

Mazungumzo hayo hayakuwa kati ya nchi na nchi, lakini anayeyajua ya Lima ataona mfanano: aliyekuwa amekataliwa hadharani hakuketi mezani, na dai la mabilioni liligeuka mgao wa biashara bila yeyote kutamka kwamba lilikuwa sahihi au si sahihi.

Mgogoro wa leseni ya madini ya Ntaka Hill ulikwenda kinyume. Baada ya leseni kufutwa, kampuni iliyoongozwa na Indiana Resources ya Australia ilikwenda ICSID. Julai 2023 ikapewa ushindi wa zaidi ya dola milioni 109, na mwaka uliofuata pande zote zikapatana kwa dola milioni 90. Maelewano yaliyokuja baada ya hukumu yalipunguza deni, lakini kwa wakati huo serikali ilikuwa imeshagharimia mawakili na kubeba jina la aliyeshindwa.

Mapendekezo

Kwanza, wizara za sheria, fedha na madini ziwe na kikosi cha pamoja cha kuthamini mali kabla hatua yoyote ya kufuta leseni au kutaifisha haijatangazwa. Katika hesabu hiyo waingizwe wasafirishaji na wanunuzi, kama Marcona ilivyofundisha.

Pili, mgogoro unapoanza, serikali itafute utaratibu wa muda wa kuendeleza uzalishaji kabla ya kubishania fidia, kwa kuwa mgodi uliosimama humpunguzia nguvu anayeumiliki.

Tatu, madai yasitangazwe kwa viwango ambavyo serikali haiko tayari kuvitetea kwa karatasi. Peru ilidai dola milioni 690 na haikuzipata.

Nne, wanasheria wa serikali wafundishwe kuandika mikataba inayomaliza mgogoro bila kumtaka yeyote akiri kosa, huku maslahi ya kila upande yakiwa bayana.

Tano, kila mapatano ya aina hii yafikishwe bungeni pamoja na mchanganuo kamili: nani amelipa, nani amepokea, na ni mapato gani ya miaka ijayo yamewekwa rehani. Washiriki wa semina wanaombwa walianzie hapo katika majadiliano ya vikundi, kwa sababu hilo ndilo eneo ambalo sheria zetu bado ni nyepesi.