Mti Ulio Ndani ya Kiatu cha Mtoto

Leo hatutasema juu ya uji wala juu ya sindano ya surua. Nimeleta vipande viwili vya mti. Kimoja ni kizima, kingine kimekatwa katikati na kinakunjika kama goti. Mviangalie, mpitishe mkono kwa mkono. Watoto wasivitie kinywani.

Kiatu cha ngozi kinazaliwa juu ya mti wa namna hii. Fundi anatandika ngozi juu yake, anaivuta kwa koleo, anaipigilia misumari midogo upande wa chini, anaiacha ikauke. Kisha anatoa mti, na kiatu kinabaki na sura ya ule mti. Fundi wetu anauita forma. Kama forma ina kosa, kila kiatu kitakachotoka juu yake kitakuwa na kosa lile lile, hata kama ngozi ni nzuri na uzi ni wa nguvu.

Juu ya nini ninawaambia ninyi, ambao hamshoni viatu? Kwa sababu kuko wamama katikati yenu wenye watoto waliozaliwa na mguu uliopinda, unyayo umegeuka ndani na kisigino kimepanda juu. Katika kila watoto 1000 wanaozaliwa, tunaona mmoja ao zaidi kidogo. Mama hakukosa kitu. Hakuangalia kitu kibaya alipokuwa na mimba, wala jirani hakumroga. Na mguu ule unaweza kunyooka.

Wengi mnajua kazi hii, mmepita ndani yake. Munganga anashika mguu wa mtoto mchanga, anaunyoosha polepole, anaufunga na palasta. Kisha juma moja anaondoa palasta, ananyoosha tena kidogo, anafunga nyingine. Mara nyingi palasta 5 ao 6 zinatosha. Mwisho, kwa watoto wengi, anakata kidogo mshipa mgumu ulio nyuma ya kisigino, na palasta ya mwisho inakaa juma 3. Njia hii ilitengenezwa na daktari Ignacio Ponseti, mtu wa Hispania aliyefanya kazi miaka mingi kule Iowa, katika Marekani. Alikufa mwaka 2009, naye alikuwa na miaka 95.

Palasta ikiondoka, mguu unaonekana mzuri kabisa, na mama anafurahi. Lakini mguu unakumbuka njia yake ya zamani. Kwa hiyo tunampa mtoto viatu viwili vilivyofungwa juu ya chuma kimoja. Urefu wa chuma ni sawa na upana wa mabega yake. Mguu uliokuwa umepinda tunaugeuza inje sana, karibu nyuzi 70. Ule mzima tunaugeuza karibu nyuzi 40 tu. Kwa miezi 3 ya kwanza mtoto anavaa saa 23 kila siku, anabaki na saa moja ya kuoga na kucheza. Baadaye anavaa wakati wa kulala tu, usiku na muchana, mpaka atimize miaka 4 ao 5. Ni kazi ndefu, najua. Wamama wanaichoka, na wababa wanaichoka mbele yao.

Hapa jirani yetu Uganda, Mholanzi mmoja, Michiel Steenbeek, aliunda viatu hivi kwa vitu ambavyo fundi wa Afrika anavipata: ngozi, mbao, chuma cha kuchomelea. Basi hakuna sababu ya kungoja kitu kutoka Ulaya. Lakini sherti fundi ajue forma.

Sasa niwaambie habari moja, na ni habari ya kutuhaibisha sisi, si ninyi. Kulikuwa na mtoto mwanamuke, miguu yake yote miwili ilikuwa imepinda. Palasta zilikwenda vizuri. Alipewa viatu. Kisha miezi michache akarudi, na mguu mmoja umeanza kuingia ndani. Tulimgombeza mama yake. Tulimwambia: “Haukumvalisha.” Mama akalia, akasema alimvalisha kila usiku, hata mtoto alipopiga makelele na mama mukwe akasema amwache alale bure. Hatukumsadiki. Tulianza palasta tena, na mwisho tukamrudishia viatu vile vile.

Ni fundi aliyeona. Mama alikuwa anamvalisha mtoto mbele yake, kamba zimefungwa vizuri sana. Fundi akatia kidole nyuma ya kiatu, pale penye kisigino. Kidole kikaingia chote. Kisigino cha mtoto hakikuwa chini, kilikuwa kimepanda, kinaning'inia katikati ya kiatu. Kiatu kilikuwa mguuni lakini hakikushika mguu. Mama alikuwa amesema kweli siku zote. Tulimwomba radhi, na ilitupasa kumwomba.

Kosa lilitoka wapi? Lilitoka katika ule mti mzima mnaoushika. Angalieni mguu wa mtoto aliye kwa magoti yenu. Kisigino ni cha mviringo, na juu yake, nyuma, pameingia ndani kidogo. Pahali pale palipoingia ndipo kiatu kinashika. Forma nzuri inafuata sura ile: inatokeza kwa kisigino, inaingia juu yake. Lakini kiatu chetu ni kirefu, kinapanda mpaka juu ya kifundo, na mdomo wake ni mdogo. Ukitia ndani forma nzima yenye kisigino kinachotokeza, ngozi ikikauka, haitoki. Fundi anakanyaga kiatu, anatia ndoana, anavuta kwa nguvu zake zote, na kinacholegea ni ngozi na uzi wa nyuma. Fundi amechoka kupasua viatu, basi siku moja akachukua kisu na kuchonga kisigino cha forma mpaka nyuma pakanyooka kama mkebe. Tangu siku ile forma ilitoka bila shida. Na tangu siku ile viatu vyetu vilikuwa na nyuma kama mkebe. Hakufanya kwa uvivu, alifanya kwa kulinda ngozi, na hakuna mtu aliyemfasiria juu ya kisigino.

Dawa yake ni forma inayokunjika. Wale wa Ulaya na Marekani wanaijua tangu zamani, si akili mpya. Shika ile ya pili. Imekatwa toka juu kwenda chini, na sehemu ya juu fundi ameacha nafasi kama herufi V. Chini, upande wa unyayo, vipande viwili vinagusana. Ukiinua kisigino, ile V inajifunga, na forma yote inakuwa fupi. Kisigino kinaachana na ngozi, na forma inatoka bila kuvuta kwa nguvu. Sasa fundi anaweza kurudisha mviringo wa kisigino na kule kuingia kwa juu.

Haikufaulu mara ya kwanza. Alitia bawaba ndogo ya mlango na misumari ya kuzungusha. Nyundo ilipopiga siku chache, misumari ikalegea, vipande vikaanza kuchezacheza. Forma inayocheza ni mbaya kuliko ile nzima, kwa kuwa fundi akivuta ngozi, forma inajikunja kidogo na yeye haoni, na kiatu kinatoka kifupi. Mtoto wa kwanza aliyekivaa alikunja vidole.

Basi akabadili. Akatoboa mti toka upande mmoja hata mwingine, tundu moja katika kila kipande, akatia kibao kidogo cha chuma ndani na kukishika kwa pini mbili. Ndani ya kila tundu alitia kamrija kembamba ka shaba, ili pini isile mti. Tena akakata zile nyuso mbili za chini zilingane sawasawa, zigusane pote. Hii ndiyo kazi kubwa, ilimchukua siku mbili na msasa mwingi. Zikigusana pote, mti ndio unaobeba mapigo ya nyundo, pini zinabeba kidogo tu. Na ndani ya ile V anatia kabari ya mti. Kabari ikiwa ndani, forma haiwezi kukunjika. Kazi ikiisha, anaitoa kabari kwanza, ndipo anainua kisigino. Mtoto wake wa miaka 7 anaweza kutoa forma, nilimwona kwa macho yangu.

Kwa viatu vya watoto wachanga kabisa aliacha pini. Mti ni mdogo mno, tundu linakuwa karibu sana na mahali palipokatwa, mti unapasuka kwa kufuata nyuzi zake. Kwa hawa amefanya vipande viwili visivyofungwa, na kabari katikati. Anatoa kabari, kipande cha kisigino kinatoka, kisha kile cha mbele.

Mti wenyewe sherti uwe mgumu na mkavu. Mti mbichi unapungua ukikauka, na viatu vinapungua pamoja nao. Sisi tunatumia mpera, ule ule wa kutengenezea mipini, uliokaa chini ya paa muda mrefu. Wakati wa mvua mti unavimba na ngozi inashikana nao, kwa hiyo anaupaka mshumaa kabla ya kuanza. Na muone jambo moja tena: forma hii mbele haikupinda ndani. Forma ya kiatu cha kawaida, mbele inapinda kidogo kufuata upande wa kidole kikubwa. Kwa mtoto wetu hapana, ingesukuma mguu kule tulikoutoa. Yake ni nyoofu, kama mtumbwi.

Sasa kazi yenu. Hamtakwenda kuchonga forma, lakini kiatu mnaweza kukihukumu, na msiogope kukikataa mbele ya fundi ao mbele yetu.

Kiatu kina tundu dogo nyuma, karibu na kisigino. Si mapambo, wala panya hakukila. Ni dirisha. Mvalishe mtoto, kunja goti lake, sukuma kisigino chini, funga kwanza kamba za karibu na kifundo, zikaze, kisha zile za mbele. Anza na mguu uliokuwa mbaya zaidi. Halafu chungulia katika tundu. Ukiona ngozi ya mtoto iko chini imekaa, ni vizuri. Ukiona nafasi tupu, fungua uanze tena. Ukijaribu mara tatu na kisigino kinapanda bado, usijilaumu wewe wala usimpige mtoto. Leta kiatu. Labda nyuma yake ni kama mkebe.

Ngozi ya mtoto ikiwa nyekundu na wekundu unaondoka upesi, si kitu. Kama haziondoki, ao kuko malengelenge, mara nyingi ni kwa sababu kiatu kimelegea na mguu unasugua ndani. Wamama wengi wanafikiri kinyume, wanalegeza zaidi, na kidonda kinakuwa kikubwa. Mje tuone. Msipake mafuta pale penye wekundu. Mvalishe soksi ya pamba, safi na kavu.

Kiatu kikiloa mkojo, na kitaloa, kifute na kukianika kivulini penye upepo. Kuko waliokianika karibu na moto wa jikoni. Ngozi ilikauka ngumu kama ubao, ikajikunja, na ile sura ya forma tuliyohangaikia ikapotea kwa usiku mmoja. Vidole vya mtoto vikipita mbele ya kiatu na kuanza kujikunja chini, kiatu kimekuwa kidogo, leta tumpe kingine. Usimwache bila kiatu hata juma moja ukingoja siku ya kliniki. Mlango wa fundi uko nyuma ya maternite, karibu na tangi la maji, naye hafanyi foleni.

Na chuma kile cha katikati, baba asikinyooshe. Mmoja alikinyoosha kwa huruma, kwa kuwa aliona miguu ya mtoto inatazama inje kama ya bata. Mwambieni ndiyo inavyotakiwa kutazama.

Vile vilivyokuwa vidogo, msivitupe wala msivikate kuwa viatu vya mdoli. Virudisheni. Fundi anavisafisha, anavipitisha tena juu ya forma usiku mmoja, na kuko mtoto mwingine katika chumba cha palasta anayevingoja.